Anayefika Akiwa Amezidiwa

Barabara kuu ya kwenda Tanga, Moshi na Arusha ikishaachana na ile ya Morogoro pale Chalinze, haichukui muda kufika Lugoba. Ni mji mdogo wenye shule, misheni ya zamani, kituo cha afya na machimbo ya mawe ambayo kokoto zake zimesaidia kujenga Dar es Salaam. Malori hupita mchana na usiku. Wakwere, Wazigua na Wadoe walioishi katika ardhi hii tangu mababu leo wanaishi pamoja na wafugaji wa Kimaasai na Kibarabaig, vibarua wa machimbo kutoka mikoa mingi, na madereva wanaolala usiku mmoja na kuondoka. Hadi 2015 eneo hili lote lilikuwa chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Bagamoyo. Tangu hapo Lugoba iko chini ya Halmashauri ya Chalinze.

Mahali kama hapa ndipo linapoonekana vizuri swali ambalo takwimu za taifa hazilijibu peke yake. Dawa za kufubaza makali ya VVU (ARV) zinatolewa bure Tanzania tangu mwaka 2004. Tangu mwaka 2016 kila anayepimwa na kukutwa na maambukizi anaanzishiwa dawa bila kusubiri kinga ishuke. Kidonge ni kimoja kwa siku, na tangu mwaka 2019 kina dolutegravir, ambayo hufubaza virusi haraka na haina maudhi mengi. Kwa nini basi bado wapo wanaobebwa kwa bodaboda, wamekaa katikati ya dereva na ndugu, wamekonda, mdomo mweupe, hawawezi kusimama? Na akishafika mtu wa namna hiyo, ni nini hasa kinachomwokoa?

Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU. Kati yao, asilimia 78 virusi vyao vimefubazwa. Nchi iliyotambua wagonjwa wake wa kwanza Kagera mwaka 1983, ikazika vijana wake kwa miaka 20 bila dawa, ina haki ya kujivunia hapo. Ila tazama pengo liko wapi. Kati ya wanaoishi na VVU, karibu 83 kwa kila 100 ndio wanaojua hali yao. Wanaojua, karibu wote wako kwenye dawa, na walio kwenye dawa, 94 kwa kila 100 wamefubaza virusi. Maana yake ni kwamba mtu akishaingia mlangoni na kubaki ndani, dawa hufanya kazi yake. Hatari iko kwa yule ambaye hajaingia, na kwa yule aliyeingia akatoka kimyakimya. Huyu wa pili husahaulika sana. Wengi wanaofika wamezidiwa siku hizi si wageni wa kliniki. Walishapewa dawa zamani, wakahama kibarua, wakaachana na mwenzi aliyekuwa akiwakumbusha, au wakachoka tu, na sasa wanaogopa kurudi wasije wakafokewa kwa utoro.

Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka: mtu mzima ambaye CD4 zake, yaani chembe za kinga katika damu, ziko chini ya 200, au ana dalili za hatua ya tatu au ya nne, ana ugonjwa wa VVU uliokomaa, na anahitaji zaidi ya kidonge. Mtoto wa chini ya miaka mitano anayeishi na VVU na hajatulia kwenye dawa huhesabiwa hivyohivyo bila kusubiri kipimo. Ndani ya kundi hilo kuna wale waliozidiwa kabisa, na dalili zao muuguzi anaweza kuzisoma bila maabara yoyote: anapumua mara 30 au zaidi kwa dakika, moyo unapiga mara 120 au zaidi, joto limefika nyuzi 39, au hawezi kutembea bila kushikwa. Nesi mwenye saa mkononi na kipimajoto anaweza kumtoa mtu huyo kwenye foleni ya benchi asubuhi na kumwingiza ndani kabla ya wote. Kwa maoni yangu hakuna huduma nyingine ya bei nafuu kuliko hiyo katika matunzo yote ya ugonjwa huu, na hakuna inayopotea kirahisi zaidi siku ambayo kliniki ina watu wengi na wauguzi wawili.

Magonjwa nyemelezi yanayoua zaidi hayazidi vidole vya mkono mmoja, na kubwa lao ni kifua kikuu, yaani TB. Kwa mtu ambaye kinga imeisha, TB haiji lazima na kikohozi cha damu kama watu walivyozoea kuijua. Huja kama homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, uzito unaoyeyuka. Makohozi yenyewe huenda yasipatikane, ndiyo maana kipimo cha mkojo kinachotafuta chembe za bakteria wa TB kimekuwa msaada mkubwa kwa waliozidiwa: mgonjwa asiyeweza kukohoa anaweza kukojoa. Muuguzi ndiye anayeuliza maswali manne kila mgonjwa anapofika, yaani kikohozi, homa, kukonda na jasho la usiku, na ndiye anayejua jibu la kweli na jibu la kutaka kuondoka haraka.

Lugoba ina sababu ya ziada ya kuuliza. Vumbi la mawe yenye silika huharibu mapafu na kuyaandaa kwa TB. Tafiti za wachimba dhahabu wa Afrika Kusini zilionyesha kwamba mapafu yenye silika na mwili wenye VVU havijumlishi tu hatari hiyo, bali huizidisha. Kibarua anayeponda kokoto bila kufunika pua na ambaye hajawahi kupima VVU anabeba mizigo miwili asiyoiona. Kikohozi chake ataambiwa ni vumbi, naye mwenyewe atasema ni vumbi, na miezi itapita.

TB ikishagundulika, kazi ya uuguzi inaongezeka kwa njia ambazo maandishi ya dawa hayazisemi. Rifampisini hupunguza nguvu ya dolutegravir mwilini, kwa hiyo mgonjwa huongezewa kidonge kingine cha dolutegravir saa 12 baada ya kile cha kwanza. Asipoelezwa vizuri atadhani amepewa dozi ya ziada kwa makosa, atakiacha. Rifampisini hiyohiyo hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, na asiyeambiwa mapema ataona mkojo huo asubuhi ya kwanza na kuamini figo zimeharibika. Isoniazidi huweza kuleta ganzi na moto kwenye nyayo, ndiyo maana hupewa pamoja na vitamini B6. Hizi ni sentensi tatu za kumwambia mtu kabla hajatoka dirishani. Zikikosekana, dozi ya miezi sita inaweza kuvunjika siku ya pili.

Ugonjwa wa pili wa kuogopwa ni homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi wa kriptokokasi. Huanza na kuumwa kichwa, na kichwa kwetu kila mtu kinamuuma. Kichwa hiki hakipoi kwa Panadol, kinaongezeka kila siku, kisha kutapika, kisha macho kuona viwiliviwili. Kinachoua haraka hapa ni mgandamizo wa maji ndani ya fuvu, na tiba ya mgandamizo huo ni kuyatoa kwa sindano mgongoni, pengine kila siku kwa siku kadhaa. Ndugu wengi hukataa kwa sababu wamesikia kwamba aliyechomwa mgongo hufa au hupooza. Waliowaona wakifa walikuwa wameletwa wamechelewa, na sindano ikabebeshwa lawama ya ugonjwa. Muuguzi anayekaa na mama wa mgonjwa dakika 10 na kumweleza kwamba kichwa kitapungua maumivu leo hii maji yakitolewa, ndiye anayefanya tiba hiyo iwezekane. Kwa kijana aliye Lugoba, maana yake pia ni safari: hospitali ya wilaya iko jirani Msoga, na rufaa ya mkoa iko Tumbi, Kibaha. Barua ya rufaa bila mtu wa kusindikiza na nauli mkononi haimfikishi mgonjwa.

Tangu 2022 matibabu ya ugonjwa huu yamekuwa mepesi zaidi. Utafiti uliofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe ulionyesha kwamba dozi moja kubwa ya amfoterisini ya aina ya liposomu, pamoja na flusitosini na flukonazoli ya kumeza, inatosha mahali ambapo zamani mgonjwa alitundikiwa dripu ya amfoterisini siku baada ya siku. Waliowahi kuuguza kwa njia ya zamani wanajua nafuu yake, kwa sababu wanakumbuka mateso yake: mshipa uliovimba, mtetemo na baridi wakati dawa inaingia, potasiamu inayoshuka, figo zinazolalamika. Dozi moja inampunguzia muuguzi kazi na kumpunguzia mgonjwa mateso. Lakini dawa hizo zifike hospitali iliyo karibu naye. Zikibaki kwenye mwongozo peke yake, kijana wa Lugoba hazimsaidii.

Nibaki kidogo kwenye mdomo, kwa sababu ndipo uuguzi unapoonekana kwa macho. Mgonjwa mwenye fangasi za mdomoni na za koo hamezi. Asipomeza hali, asipokula hanywi dawa, na asipokunywa dawa hakuna kinga itakayorudi. Flukonazoli itaondoa utando ule, lakini itachukua siku. Katika siku hizo kuna kazi ya mikono: kumwinua mgonjwa akae, kumsukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kufuta ulimi taratibu kwa kitambaa laini bila kukwangua mpaka damu, kupaka mafuta midomo iliyopasuka. Kisha uji mwepesi uliopoa, kijiko kimoja, subiri, kijiko cha pili. Si chai ya moto, si ndimu, si pilipili. Anayefanya hivyo kwa subira ya nusu saa atamwona mgonjwa akimeza vidonge vyake jioni ile. Anayemwekea sahani pembeni na kuandika kwenye faili kwamba amekataa kula, ameandika uongo bila kukusudia.

Kuhusu chakula, tuseme ukweli wote. Kuna imani kubwa kwamba mgonjwa wa VVU akipewa lishe nyingi atapona, na ndugu huuza mbuzi kwa ajili hiyo. Utafiti ulioitwa REALITY, uliofanyika Kenya, Uganda, Malawi na Zimbabwe, na Kilifi ikiwa miongoni mwa vituo vyake, uliwafuatilia watu 1,805 walioanza dawa wakiwa na CD4 chini ya 100. Chakula cha ziada kilichopewa wote bila kujali hali zao kiliongeza uzito lakini hakikupunguza vifo. Kilichopunguza vifo ni mfuko wa dawa za kinga dhidi ya magonjwa nyemelezi uliotolewa tangu siku ya kwanza: katika wiki 24, waliokufa walishuka kutoka asilimia 12.2 hadi 8.9. Hilo halimaanishi asile. Lina maana kwamba pesa ya mwisho ya familia haitakiwi kuishia kwenye supu wakati Septrin imekatika tangu wiki iliyopita. Septrin ni dawa ya bei ndogo, ya zamani, na huzuia nimonia ile inayomfanya mtu apumue kama aliyekimbia huku kifua chake kikisikika safi kwenye kipimo cha daktari. Ikishaanza nimonia hiyo, dozi hupandishwa sana kwa siku 21, na bila oksijeni mgonjwa huenda asizimalize.

Sasa niseme jambo ambalo ndilo hoja yangu. Wanaofariki baada ya kuanza dawa, wengi wao hufariki katika miezi michache ya mwanzo. Ni kipindi ambacho virusi vinashuka lakini kinga haijapanda, na ambacho kinga inayorudi huweza hata kuamsha ugonjwa uliojificha: tezi za TB zinavimba, homa inapanda, kichwa kinaanza upya. Mgonjwa anajiona anazidi kuumwa tangu aanze vidonge. Nyumbani wanasema dawa ndizo zinazomuua, na mwenyewe anaanza kuamini. Wakati huohuo kliniki imempangia tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili au mwezi. Vifo vinatokea katikati ya tarehe hizo.

Tanzania yenyewe imeshatoa jibu. Kati ya 2012 na 2014, Profesa Sayoki Mfinanga wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na wenzake walifanya utafiti katika kliniki za Dar es Salaam na Lusaka, Zambia, kwa karibu watu 2,000 walioanza dawa wakiwa na CD4 chini ya 200. Nusu yao walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine waliongezewa mambo mawili: kipimo cha damu cha kriptokokasi, na mtu wa kawaida aliyefundishwa, si daktari wala nesi, aliyewatembelea nyumbani kila wiki kwa wiki nne za mwanzo, akipeleka dawa, akiuliza dalili za hatari na kuwahimiza. Baada ya mwaka mmoja, vifo katika kundi hilo vilikuwa pungufu kwa asilimia 28. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet. Ingekuwa ni kidonge kipya kilicholeta nafuu hiyo, kingekuwa kila kituo. Kwa kuwa sehemu yake ni mtu anayebisha hodi, huyo amechukuliwa kuwa ni nyongeza, kitu cha mradi, kinachopunguzwa kwanza fedha zikipungua.

Kuuguza nyumbani si jambo geni kwetu. Shirika la WAMATA lilianza mwaka 1989 na lile la PASADA mwaka 1992, wakati hakuna dawa, na sehemu ya kazi yao ilikuwa kwenda kwa mgonjwa alipolala. Dawa zilipokuja, tukadhani kazi ile imekwisha. Sasa hivi aliyetulia anapewa dawa za miezi mitatu au sita kwa mkupuo mmoja, na hilo ni jema kabisa kwa mkulima wa Kiwangwa au mfugaji wa Mbwewe anayepoteza siku nzima kwenye safari. Ila nafasi iliyopatikana kwa kuwapunguzia safari walio wazima ilistahili kwenda kwa wale walio hoi. Sioni kama imekwenda huko.

Lipo pia suala la siri. Lugoba kila mtu anamjua mwenzake, na pikipiki ya mtu wa afya ikisimama mlangoni mara mbili, jirani ameshahitimisha. Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya mgonjwa, lakini sheria haiwezi kufunga midomo ya kijiji. Ndiyo maana wapo wanaopita kituo cha karibu na kwenda kuchukua dawa wasikojulikana, nauli ikikosekana dawa zinakatika. Njia nzuri ni kumuuliza mgonjwa mwenyewe kabla: tukutane nyumbani, shambani, kwa shangazi yako, au nikupigie simu? Mhudumu anayevaa nguo za kawaida na kutembelea pia mama mjamzito na mzee wa kisukari katika mtaa uleule hamtangazi mtu. Na mfugaji anayehama na mifugo kiangazi anahitaji zaidi simu na barua ya kumwezesha kupokelewa kituo chochote, kuliko kuandikwa mtoro.

Hofu hiyo ya kuonekana ikikutana na tamaa ya kupona, watu hushika lolote. Mwaka 2011 magari yaliyojaa wagonjwa yalipita barabara hiihii kuelekea Arusha, kisha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Wapo walioacha ARV baada ya kikombe, na walirudi hospitalini katika hali mbaya. Muuguzi anayemkebehi mgonjwa kwa mitishamba au maombi humfunga mdomo. Anayemwambia, baba, omba na kidonge chako ukimeze, huambiwa kila kitu, hata mizizi anayochemsha ambayo pengine ndiyo inayomharisha.

Wauguzi nao wana miili. Chumba kilichofungwa madirisha kwa sababu ya mvua, wagonjwa sita wanaokohoa, na nesi aliyekaa katikati yao kwa saa nane: hapo TB inahama. Kufungua madirisha, kumtanguliza anayekohoa, kumpa barakoa na kumkalisha upande ambao upepo unatokea kwenda nje ni mambo yasiyohitaji bajeti kubwa. Aliyechomwa na sindano anatakiwa kuanza dawa za kinga ndani ya saa 72, mapema zaidi ndivyo bora, na kuzinywa siku 28. Wengine huona haya kuripoti. Mganga mfawidhi anayelichukulia jambo hilo kama uzembe ndiye anayewafanya waone haya.

Kisha kuna fedha. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai 1 mwaka huohuo shirika la USAID likafungwa. Kwa zaidi ya miaka 20 mpango wa UKIMWI wa Marekani, PEPFAR, ulibeba sehemu kubwa ya mapambano haya nchini, na mishahara ya wengi wanaofuatilia wagonjwa mitaani ilitoka kwenye miradi ya namna hiyo. Vidonge vina watetezi wengi. Kila mtu anaelewa dawa zikikatika. Mtembeleaji akikatika hakuna anayepiga kelele, kwa sababu wanaoathirika wamelala.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kufikia wahudumu zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Hapo ndipo ningeweka wiki nne za Profesa Mfinanga. Mhudumu wa kijiji apewe na kituo cha afya majina ya walioanza au kurudia dawa wakiwa na CD4 chini ya 200, kwa ridhaa yao, na awe na namba ya nesi mmoja anayepokea simu. Awe na nauli ya bodaboda ya safari nne kwa kila mgonjwa, na ya tano ya kumleta akionekana anapumua mbiombio au kichwa kinamzidi. Halmashauri inayotoza ushuru katika eneo la machimbo inaweza kuandika fungu hilo katika bajeti yake ya mapato ya ndani, kwa jina lake, likasomwa mbele ya madiwani kama linavyosomwa fungu la barabara. Wagonjwa wa aina hii katika kituo kimoja kwa mwezi ni wachache kiasi cha kuweza kuhesabiwa kwa majina, na gharama ya kuwafuata wote huenda isifike ya tairi la lori moja kati ya yale yanayopita hapo na kokoto.